Sauti ya Subaru, Usukani wa Evo

Kila Krismasi, chini ya mparachichi wa mama kule Bahati, huegeshwa magari mawili ambayo yameugawa ukoo wetu kuliko uchaguzi wowote. Moja ni Subaru Impreza WRX STI ya kaka yangu mdogo, ya mwaka 2006, ile yenye taa za mbele kama macho ya mwewe. La pili ni Mitsubishi Lancer Evolution IX, au Evo kwa kifupi, ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye hutoka Kisumu alfajiri ili afike chai ikiwa bado moto. Mbuzi akishachinjwa na nyama kuwekwa motoni, boneti zote mbili hufunguliwa, na ubishi huendelea kutoka pale ulipoachwa mwaka uliotangulia.

Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa kaka yangu bila hata kuulizwa. Sisi ni watu wa Nakuru, na nyumbani kwetu Subaru ilikuwa kama dhehebu. Mtu alizaliwa ndani yake. Kisha mwaka jana niliuza kiploti nilichokuwa nacho Njoro, nikalipa deni la duka langu la dawa za mifugo, nikabaki na shilingi milioni tatu. Mume wangu akaniambia, "Hizo ni zako. Nunua gari ulilokuwa ukiliota. Lakini uchague mwenyewe, usichaguliwe."

Gari nililokuwa nikiliota lilipaswa kufanya kazi mbili. Siku za wiki linipeleke dukani, linirudishe nyumbani Milimani, na mara moja au mbili kwa mwezi litufikishe Kisumu kwa wakwe. Halafu wikendi chache kwa mwaka nivae helmeti, nilipeleke kwenye mizunguko ya koni mashambani, na siku moja nikajaribu mbio za kupanda mlima za Kiamburing, upande wa Limuru, ambako barabara ya lami hufungwa na kila dereva hupanda peke yake akishindana na saa. Nilitaka milango minne, buti la kubeba magunia, gia za mkono, na magurudumu yote manne yakisukuma. Ukiandika masharti hayo kwenye karatasi kisha uongeze pesa nilizokuwa nazo, majina yanayobaki ni mawili tu.

Nilikaa na swali hilo miezi minane.

Ni lazima nieleze jambo la baba kwanza, kwa sababu bila hilo nitakuwa nimedanganya. Mwaka 1997, nikiwa na miaka tisa, baba alitupakia kwenye pikapu ya jirani akatupeleka kusimama kando ya barabara ya vumbi kungojea Safari Rally. Siku hizo mbio zilipita kwenye barabara za umma ambazo hazikuwa zimefungwa, na magari yalikuwa na vyuma vya kujikinga mbele na bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi juu ya kioo, ili injini isimeze maji kwenye mito. Kwanza ilikuja helikopta, ikiruka chini kuangalia kama kuna ng'ombe au punda mbele ya dereva. Kisha kimya. Kisha tukasikia mngurumo mzito usio na mdundo sawa, kama ngoma inayopigwa na mtu ambaye mkono wake mmoja una nguvu kuliko mwingine. Ilikuwa Impreza ya buluu yenye maandishi ya manjano, na Colin McRae ndiye aliyekuwa ndani. Ilipita tukabaki tumejaa vumbi mpaka kwenye meno. Baba alicheka hadi machozi yakachora mistari usoni. McRae alishinda Safari ya mwaka huo, na baba alisimulia ushindi ule kana kwamba yeye ndiye aliyeshika ramani.

Baba alifariki 2014. Kaka yangu alinunua Subaru yake mwaka uliofuata, na hakuna aliyehitaji kumuuliza kwa nini.

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta, moyo ulikuwa tayari umesaini. Aliyenitikisa kwanza hakuwa shemeji. Alikuwa fundi mmoja mzee pale Shabab, ambaye amefungua injini nyingi za Subaru kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimwambia kwamba nataka gari lenye ile sauti. Akafuta mikono polepole, akasema, "Mama, ile sauti si nguvu. Ile ni mabomba ya urefu tofauti."

Akanieleza. Injini ya Subaru, ile EJ20 ya sentimita za ujazo 1,994, ina pistoni nne zilizolala, mbili zikitazama kushoto na mbili kulia. Katika matoleo ya zamani, mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda na kuupeleka kwenye turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kibane hewa inayoingia kwenye injini, hayakuwa na urefu mmoja, kwa hiyo mipigo ya moshi ilifika bila mpangilio, na hapo ndipo ngoma ya mkono mmoja ilipozaliwa. Baadaye, kwenye STI za soko la Japani, wahandisi walisawazisha mabomba na kuweka turbo yenye njia mbili za kuingilia, ili iamke mapema. Gari likawa jepesi zaidi kuitika mguu, na ule mngurumo ukafifia. Sikujua kwamba gari la kaka yangu lilikuja nchini likiwa na mabomba hayo yaliyosawazishwa, na kwamba yeye mwenyewe aliyatoa akaweka ya zamani ili airudishe sauti. Alikuwa ameuza mwitiko wa turbo akanunua kumbukumbu. Simlaumu hata kidogo. Lakini ilinibidi nijiulize kama mimi pia nilitaka kununua gari, au nilitaka kumnunua baba.

Historia haikunisaidia kuamua, kwa maana wapinzani hawa wamefuatana kama pacha. Evolution ya kwanza na Impreza WRX ya kwanza zote zilitoka 1992. Subaru ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji 1995, 1996 na 1997. Tommi Mäkinen akachukua ubingwa wa madereva akiwa na Mitsubishi mara nne mfululizo, 1996 hadi 1999. Hapa kwetu walipokezana vivyo hivyo: Mäkinen alishinda Safari ya 1996 kwa Lancer, McRae 1997 kwa Subaru, Richard Burns 1998 kwa Mitsubishi kisha 2000 kwa Subaru, na Mäkinen akarudi tena 2001. Shemeji hupenda kuongeza kwamba jina la Lancer lilishinda Safari kabla ya wao kuzaliwa, mikononi mwa Joginder Singh, mwana wa Kericho, 1974 na 1976. Kaka hujibu kwa Patrick Njiru, Mkenya aliyemaliza wa nne 1994 ndani ya Impreza. Hata nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi zilikuwa zilezile, nguvu za farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, na desturi hiyo ilidumu hadi 2004.

Tofauti iko chini ya sakafu.

Magari yote mawili husukuma kwa magurudumu manne wakati wote, lakini kila moja lina wazo lake kuhusu nani aamue. Subaru humwachia dereva. Kando ya breki ya mkono kuna kigurudumu kidogo unachokisokota kuamua difu ya kati, ile inayogawa msukumo kati ya mbele na nyuma, ifungwe kiasi gani. Ukiiachia huru, gari la 2006 hupeleka asilimia 41 ya msukumo mbele na 59 nyuma, na ukiifunga, mbele na nyuma huzunguka pamoja. Mpangilio wake wote umenyooka, injini, giaboksi na shafti vikipita katikati ya gari. Evo ina injini iliyokaa kikingamo, na difu yake ya kati hubanwa na mafuta yanayosukumwa na pampu, kompyuta ikiamua kiasi. Wewe unabonyeza kitufe tu kuieleza uko juu ya nini: lami, changarawe au theluji. Kisha nyuma kuna difu nyingine inayoitwa AYC, ambayo ndiyo siri ya gari lile. Kwenye kona hulipatia gurudumu la nyuma la upande wa nje msukumo mkubwa kuliko la ndani, na kwa kufanya hivyo huigeuza pua ya gari kuelekea ndani, kama mtu anayepiga kasia upande mmoja wa mtumbwi.

Haya unaweza kuyasoma popote. Sikuyaelewa hadi nilipoyaendesha, na nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba sitayapima barabarani. Ubishi mwingi wa magari haya humalizwa usiku kwenye barabara kuu, na huko mimi siendi. Anayeishi Nakuru anajua maana ya Salgaa na Sachangwan. Mwaka 2009, lori la petroli lilipopinduka Sachangwan na watu wakaja kuchota, moto uliwaua zaidi ya watu 100. Mteremko ule ulikwisha kuchukua wengi kabla ya hapo na baada yake. Barabara ile ni ya kufikia nyumbani.

Kwa hiyo tulisubiri mavuno ya ngano yaishe, rafiki mmoja mwenye shamba upande wa Njoro akaturuhusu kupanga koni kwenye kipande chake cha udongo mgumu. Mzunguko wa zaidi ya kilomita moja hivi, kona mbili ndefu, nyingine za kukunja, na sehemu moja ya kunyooka inayotosha gia ya tatu. Magari yote mawili yalivaa tairi mpya za aina moja na saizi moja, 235/45 R17, ambayo kwa bahati ndiyo saizi yao ya kiwandani. Helmeti, mitungi miwili ya kuzimia moto, na mtu mmoja wa saa. Kaka alinipa ufunguo wake na shemeji akanipa wake. Wote wawili waliketi kwenye trela la trekta bila kusemezana.

Nilianza na Subaru. Sijui niielezeje furaha ile. Unapokanyaga, ule mngurumo hupanda kupitia kiti hadi kifuani, na vumbi linapojaa kwenye kioo cha nyuma unahisi kwamba una miaka tisa. Kwenye kona ndefu pua ilitaka kwenda nje, kwa maana injini yake inaning'inia mbele ya ekseli ya mbele, na ilinibidi niishawishi: kuachia mafuta kidogo, kugusa breki, kungoja uzito uhamie mbele, ndipo ikakubali. Nilipofungua difu ya kati mkia ulianza kucheza, nilipoifunga gari likawa kaidi zaidi kuingia lakini imara kutoka. Ni gari linalofundisha. Mtu akiendesha STI vizuri, amejifunza kweli.

Mzunguko wangu wa kwanza ndio ulikuwa wa kasi kuliko yote niliyoifanya ndani yake. Wa pili ulichelewa kidogo. Kufikia wa nne gari lilikuwa limepoteza ukali wake, na mimi nilikuwa nikikanyaga zaidi nikipata kidogo. Fundi alikuwa amenionya. Kipoza hewa cha Subaru, kile kinachopoza hewa iliyobanwa na turbo, kimekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Ukiwa na kasi, upepo hukipoza. Ukiwa kwenye koni za mwendo mdogo, joto la injini hupanda na kukichoma kutoka chini, na hewa inayoingia kwenye silinda huwa moto. Cha Evo kimekaa mbele kabisa, nyuma ya bampa, mahali ambapo upepo hukikuta kwanza.

Hapa urefu wa nchi yetu huingia kwenye hesabu, na nadhani wengi wanaonunua magari ya turbo huku Bonde la Ufa hawaupi uzito. Nakuru iko kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama nne ya tano tu ya ule wa Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, wala huna la kufanya. Yenye turbo huweza kulipia pengo, lakini malipo ni kwamba turbo izunguke kwa kasi zaidi ili ibane hewa ileile, na hewa iliyobanwa zaidi hutoka ikiwa na joto zaidi. Ongeza na petroli. Magari haya yalipangwa kiwandani kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, oktani 100 hivi, na super yetu ya kawaida iko chini ya hapo. Joto jingi na oktani ndogo huzaa kugonga, yaani mafuta kulipuka kabla ya wakati wake, na kugonga ndiko kunakovunja pistoni. Kompyuta ikisikia kugonga huko huchelewesha cheche ili kuiokoa injini, na wewe unahisi gari limechoka. Kipoza hewa kilicho mahali pazuri huwa na faida kubwa zaidi Nakuru kuliko kwenye miji ya pwani. Na ndiyo maana shemeji huapa kwamba gari lake lina nguvu zaidi kwao kuliko kwetu. Kisumu iko mita 1,130 hivi tu, na hasemi uongo.

Baada ya chai niliingia kwenye Evo.

Kelele yake ni ya kawaida, kali kidogo, haina hadithi. Kiti kilinibana mbavu. Usukani ni wa haraka mno; mkono ukisogea kidogo pua imeshakwenda. Kwenye kona ndefu, pale ambapo Subaru ilitaka kubembelezwa, nilikanyaga mafuta mapema kuliko akili iliponiruhusu, nikatarajia pua itoke nje, na badala yake nikahisi kitu nyuma ya kiti kikinisukuma kuingia ndani. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Mzunguko wa pili niliusogeza mpaka wangu kidogo, wa tatu kidogo tena, wa sita ndio ulikuwa bora wangu wa siku nzima, sekunde tatu mbele ya ule bora wa Subaru. Gari lilikuwa vilevile kama lilivyokuwa mwanzo. Niliyebadilika nilikuwa mimi.

Usiku ule nilijaribu kuukumbuka mzunguko wa Subaru kichwani, koni moja baada ya nyingine, kama mtu anayesema shairi alilolikariri. Sikuweza. Nilikumbuka sauti, nilikumbuka vumbi, nilimkumbuka baba. Koni ya nne haikuwepo kabisa. Kisha nikaujaribu ule wa Evo, na zote zilikuwapo: ile iliyolala baada ya kaka kuigonga asubuhi, ile iliyokaribia mtaro, mahali nilipoanza kufunga breki na mahali ambapo ningeweza kuchelewa kidogo zaidi. Ndani ya Subaru nilikuwa nasikiliza. Hapo nilijua, ingawa nilikaa wiki nyingi kabla ya kumwambia mtu.

Nilikaa kimya kwa sababu mambo ya wiki nzima yalikuwa bado yanaitetea Subaru, na kwa haki. Evo IX huhitaji karibu mita 11.8 kugeuka mduara mzima. Kwenye maegesho ya Kenyatta Avenue siku ya soko unarudi nyuma mara tatu pale ambapo Subaru hugeuka mara moja. Tangi lake ni lita 55, la STI 60, na tofauti hiyo huionja ukiwa umetoka Kericho na kituo kiko mbali. Shokabu zake ni ngumu. Kila tuta kati ya Londiani na Ahero linakusalimu kwa jina. Na spea. Nakuru nzima ni gereji ya Subaru. Impreza, Legacy na Forester zimegawana vipande vingi kiasi kwamba beringi au sensa unaipata kabla ya saa sita mchana. Pampu ya mafuta ya difu za Evo ikifa, unaagiza nje na kungoja, na bei yake inaweza kulipa karo ya muhula.

Kwa upande mwingine, injini ya Evo IX ni 4G63, bloku ya chuma cha kusubu, ukoo wa injini uliokuwa umekaa sokoni miongo miwili na zaidi kabla ya gari hili. Imesimama wima na plagi ziko juu. Nazibadilisha mwenyewe kwa nusu saa. Kwenye Subaru plagi zinatazama ubavuni karibu na fremu, na fundi huondoka na ngozi ya vidole. Bloku ile ya chuma huvumilia joto, na kwa mtu wa mahali pa juu kama hapa hilo lina thamani. Injini ya Subaru si dhaifu kama watu wanavyovumisha; hutaka oili iangaliwe kila unapojaza mafuta, na hiyo ni desturi ambayo wengi hawana. Kaka yangu alijifunza hivyo kwa gharama, aliposafiri hadi Eldoret na kurudi bila kuvuta kijiti cha kupimia, na beringi za krenki zikaimba. Lilikuwa kosa lake, na alilikubali.

Matoleo mapya zaidi niliyaangalia pia, lakini si kwa muda mrefu. Evolution X ina injini mpya ya alumini na mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, lakini uzito wake umepita kilo 1,500 na niliuhisi kwenye breki. STI ya 2014 hadi 2019, yenye nguvu za farasi 308, ilinipendeza sana. Tatizo ni sheria na kodi. Kenya hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Evo ya mwisho ilitengenezwa 2016, kwa hiyo mlango wa kuagiza Evo umeshafungwa kabisa. Zilizopo nchini ndizo hizo. STI yenye EJ20 iliisha Japani 2019, na juu ya bei yake hupandiana ushuru wa forodha wa asilimia 35, ushuru wa bidhaa 25, na VAT 16. Milioni tatu hazikufika hata nusu ya safari.

Ikabaki kutafuta hapa ndani, na hapo ndipo nilipokutana na uongo. Gari la kwanza nililoonyeshwa, lililoitwa STI, lilikuwa na bawa refu na nembo za pinki, lakini kibao cha chesisi kilisoma GDA. STI ya kizazi kile husoma GDB, na ina gia sita; hili lilikuwa WRX ya kawaida yenye gia tano, na breki zake zilikuwa zimevikwa makopo ya rangi ya dhahabu yaonekane kama breki za Brembo. La pili, Evo, lilikuwa Lancer Cedia iliyobadilishwa bampa. Evolution VII hadi IX huandikwa CT9A, na sikuliona neno hilo popote. Wauzaji wote wawili walimweleza mume wangu kila kitu huku mimi nikiwa nimelala chini ya gari na tochi. Yeye aliwajibu mara moja tu, "Mnunuzi ni huyo aliye chini."

Gari langu, Evo, nililipata Kericho, kwa mzee mmoja mkulima wa chai, ambaye alikuwa analiuza kwa sababu magoti yake hayakutaka tena klachi. Alileta faili mbili. Oili ilibadilishwa kila kilomita 5,000, tarehe zikiandikwa kwa mkono. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kilomita 98,000 pamoja na ule mdogo wa shafti za kusawazisha, ambao wengi huuacha, na ukikatika huweza kuuchukua mkubwa pamoja na injini. Fundi wangu wa Shabab alikuja na kipima mgandamizo. Silinda zote nne zilikaribiana. Chesisi, CT9A. Tulipolipeleka hadi Kapsoit na kurudi, mzee alikaa kiti cha abiria, akanyamaza njia nzima, ila mara moja tu: "Usilikanyage kabla oili haijapata joto, mwanangu. Maji hupata joto haraka. Oili huchelewa." Kisha akaangalia nje ya dirisha, na nikampa nafasi.

Kaka yangu alipata habari kwa mama. Hakunipigia simu siku tisa.

Jumapili ya kwanza nililipeleka Bahati, nikaliegesha chini ya mparachichi, pembeni ya Subaru yake. Alitoka jikoni na kikombe, akalizunguka mara mbili bila neno. Akalala chini akaangalia difu ya nyuma. Akaomba ufunguo. Alikwenda upande wa Solai, akachukua muda mrefu hata mama akaanza kuuliza, na aliporudi alizima injini akabaki ameketi, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Dada," akasema mwishowe, "zile koni za Njoro zitapangwa lini tena?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye leso. Alilitazama gari langu jeupe kwa muda. "Ni zuri," akasema, "lakini halilii." Kisha akamgeukia kaka. "Hebu washa kidogo lile la baba yenu."

Hakuna aliyemsahihisha. Kaka akaingia kwenye Subaru, akaiwasha, na ile ngoma ya mkono mmoja ikajaa uani, kuku wakakimbilia nyuma ya ghala. Kaka akatoka, tukasimama watatu chini ya mparachichi, mimi nikiwa na ufunguo wa Evo mkononi, tukasikiliza mpaka oili ikapata joto.